Mtihani wa Akili Kazini Unapima Nini?

Mtu akishindwa mtihani wa akili anapoomba kazi au cheo huambiwa hafai, na maneno huishia hapo. Lakini mtihani wenyewe, je, nani ameupima?

Huko Marekani wafanyakazi walilipeleka swali hili mahakamani. Kampuni ya Duke Power ilikuwa na kituo cha umeme katika jimbo la North Carolina. Wafanyakazi walikuwa 95, weusi 14, nao weusi walikuwa wakiwekwa katika idara ya vibarua tu. Kibarua aliyelipwa vizuri kuliko wenzake wote alipata chini ya mzungu wa ngazi ya mwisho katika idara nyingine. Tarehe 2 Julai 1965 sheria ya kukataza ubaguzi kazini ilianza kutumika. Siku hiyo hiyo kampuni ikaleta mitihani miwili kwa waajiriwa wapya waliotaka idara nzuri, na baadaye kwa wa zamani wasio na cheti cha sekondari. Mmoja, uitwao Wonderlic, una maswali 50 ya kujibiwa kwa dakika 12. Alama za kufaulu ziliwekwa juu kiasi kwamba karibu nusu ya waliomaliza sekondari nchini wangeshindwa.

Willie Griggs na wenzake 12 wakashtaki. Tarehe 8 Machi 1971 Mahakama Kuu ya Marekani ikawapa haki. Kampuni haikuweza kuonyesha kwamba maswali yale yalihusiana na kazi. Tena wazungu walioajiriwa zamani bila mtihani walikuwa wakiifanya vizuri. Majaji walisema nia njema ya mwajiri haitoshi.

Hata vifaa vya mtihani vina upendeleo. Mtaalamu Robert Serpell aliwapa watoto wa Zambia na wa Uingereza maumbo ya kuiga, akatoa matokeo mwaka 1979. Kwa kalamu na karatasi Waingereza waliongoza. Kwa waya, ambao watoto wa Zambia huundia magari ya kuchezea, Wazambia waliongoza. Kwa udongo walikuwa sawa.

Basi fundi wa kuchomelea vyuma apewe vyuma achomelee. Kama mwajiri anashikilia karatasi yake, chama kimtake aonyeshe kwamba wanaopata alama nyingi ndio kweli wanaofanya kazi vizuri. Hapo pia tuangalie ni nani aliyewapima kazini: ikiwa ni msimamizi mwenye upendeleo ule ule, mtihani mbovu utaonekana mzuri.