Mwanao wa Garissa ameliona garimoshi?

Ikiwa wewe ni mzazi wa Garissa, Wajir au Mandera, hebu fanya jaribio dogo jioni ya leo. Mpe mwanao karatasi na kalamu, umwambie akuchoree ngamia. Atakuchorea hadi kope. Kisha mwambie achore garimoshi. Huenda akakuletea basi refu lenye moshi juu, na wala si kosa lake, kwani eneo zima la Kaskazini Mashariki halina hata hatua moja ya reli. Ile iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 ilifika Nairobi Mei 1899 na Kisumu Desemba 1901, ikaupa kisogo upande huo wa nchi.

Usidhani haya ni mambo ya watoto tu. Machi 2, 2012, mradi wa LAPSSET ulizinduliwa Lamu, na miongoni mwa yaliyoahidiwa ni reli ya kutoka bandari hiyo kupitia Garissa hadi Isiolo, kisha Ethiopia na Sudan Kusini. Gati la kwanza la bandari lilifunguliwa Mei 2021. Ama reli, hata taruma moja halijalazwa Garissa. Lakini siku wakubwa watakapokuja na ramani zao na kuitisha baraza, ni nani atakayesimama kuwauliza maswali? Ni vigumu kumhoji mtu juu ya kitu ambacho hujawahi kukiona kikipita.

Basi likizo ijayo, mkipata safari ya Nairobi kwa shughuli zenu, tenga siku moja ya kutazama garimoshi. Mji wa kwanza wenye reli mtakaoufikia baada ya Mwingi ni Thika, na si ajabu kwamba ni mji wa viwanda, maana viwanda na reli ni kama chanda na pete.

Mkifika Nairobi, anzieni Makumbusho ya Reli, karibu na stesheni kuu. Yalifunguliwa mwaka wa 1971. Mwonyeshe mtoto injini ya mvuke nambari 5918, iitwayo Mount Gelai kwa jina la mlima ulioko Tanzania. Ina uzito wa tani 250 hivi. Injini 34 za aina hiyo ziliundwa Manchester, Uingereza, na katika reli za upana wa mita moja hapakuwa na injini za mvuke zilizozishinda nguvu duniani. Hapo pia lipo behewa ambamo simba alimvamia afisa wa polisi Charles Ryall kule Kima mwaka wa 1900 na kumtoa humo. Jiandae, watoto hawatataka kuondoka hapo!

Kisha shukeni Eneo la Viwandani, upande wa Makadara, mtazame garimoshi likiwa kazini. Tafuteni mahali ambapo barabara inaikata reli, msimame mbali na vyuma, na mtoto umshike mkono. Honi husikika mapema, magari yakasimama, wenye mikokoteni wakasukuma haraka wapite. Garimoshi halimkwepi mtu. Lenye mzigo mzito, likiwa katika mwendo wa kasi, huweza kuhitaji kilomita nzima au zaidi ndipo lisimame. Hapo ndipo umwombe mwanao afikirie ngamia mia mbili, wanapanga mstari kuelekea kisimani, na wa mwisho hana haraka yoyote.

Sasa linganisha na reli mpya ya SGR, iliyofunguliwa Mei 31, 2017 kati ya Mombasa na Nairobi. Hiyo imenyanyuliwa juu ya tuta na kuwekewa ua. Kule Tsavo zimeachwa njia za chini ili ndovu wapite, na katika mbuga ya Nairobi reli imepandishwa juu ya nguzo kwa takriban kilomita sita. Kama ndovu na twiga walikumbukwa, mfugaji ana haki ya kuuliza mifugo yake itapita wapi, njia ziwe ngapi, na umbali gani kutoka moja hadi nyingine. Swali hilo huulizwa kabla ya tuta kujengwa.

Ikiwa nauli ingalipo, endeleeni hadi Kisumu. Binafsi naona yaliyoko huko yanazishinda injini zote za makumbusho. Bandarini kuna daraja la reli ambalo husogea. Ncha yake moja imeshikizwa nchi kavu kama mlango kwenye bawaba, na ile ya pili huinuliwa na kushushwa mpaka reli zake zikutane sawasawa na reli zilizolazwa ndani ya meli. Injini husukuma mabehewa kutoka nyuma, yakaingia melini moja baada ya jingine, yenyewe ikabaki. Meli ikilemewa na kuzama kidogo, daraja nalo huifuata.

Meli yenyewe ni MV Uhuru. Iliundwa Scotland, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kisumu, ikaanza kazi mwaka wa 1966. Hubeba mabehewa ishirini hivi. Ililala miaka mingi, ikarudi kazini Desemba 2019 kupeleka mafuta Port Bell, Uganda. Mdogo wake, Uhuru II, aliundwa papo hapo Kisumu.

Kwa nini daraja lisogee? Kwa sababu ziwa halitulii. Mvua za miaka ya 1961 hadi 1964 zililipandisha kwa zaidi ya mita mbili, na Mei 2020 maji yalipita hata kiwango hicho. Daraja lililokazwa mahali pamoja lingebaki juu au chini ya meli. Kule Misri, daraja la reli la El Ferdan, lililofunguliwa 2001, hugeuka kando kupisha meli za Suez.

Wewe wa Garissa hili utalielewa upesi. Daraja lenu juu ya Tana limesimama imara, lakini mto ukifurika maji hulizunguka na kuikata barabara upande wa Madogo. Ndivyo ilivyokuwa wakati wa El Nino ya 1997, na tena mwishoni mwa 2023. Aprili 2024, barabara ikiwa imekatika hivyo, boti iliyokuwa ikivusha abiria ilizama karibu na Kona Punda na watu wakafa maji.

Bandari ya Kisumu ina walinzi, kwa hiyo ombeni ruhusa langoni kabla ya kuingia, na mwulize siku ambayo meli inapakia. Mkirudi nyumbani, basi likipanda daraja la Tana, usishangae mtoto akiuliza garimoshi litavukia wapi, na maji yakijaa itakuwaje. Mwambie aliandike swali hilo, alihifadhi hadi siku ya baraza.