Godoro Lililochoka Halichaniki

Shangazi yangu wa Tanga huhesabu umri wa vitu vyake kwa matukio ya nyumbani. Nilipolala kwake likizo iliyopita niliamka nimejikunja katikati ya kitanda kama mgonjwa aliyebebwa kwenye machela, nikamuuliza godoro lile lina muda gani. "Nililinunua mwaka mdogo wako alipoanza darasa la kwanza," alijibu. Mdogo wangu huyo alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kidato cha nne. Miaka 11.

"Shangazi, hili limechoka."

"Limechoka vipi, mwanangu? Mbona halijafumuka hata uzi mmoja?"

Kweli, kitambaa chake cha maua kilikuwa kizima. Tukatoa shuka, tukaliacha godoro lipumue kwa saa moja, kisha tukavuta uzi wa cherehani kutoka ukingo hadi ukingo na kusimamisha rula chini ya uzi. Upande wa miguu, bonde lilikuwa la sentimita 1. Mahali pa nyonga, sentimita 5. Kingo zenyewe zilikuwa zimesimama wima kama siku lilipotoka dukani. Shangazi aliinama akaisoma rula mara mbili.

Godoro hufa kwa ndani huku kitambaa kikiwa bado kinang'aa. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza linadumu miaka mingapi, tulitazame lililo ndani.

Magodoro mengi yanayouzwa Afrika Mashariki leo ni ya sponji, na sponji hiyo ni poliurethani, jamii ya plastiki iliyogunduliwa na mkemia Mjerumani Otto Bayer na wenzake mjini Leverkusen mwaka 1937. Kiwandani huchanganywa vimiminika viwili vikuu pamoja na maji kidogo. Maji yakikutana na kimojawapo, huzalisha kaboni dioksaidi, gesi ileile inayoumua unga wa mkate. Mchanganyiko huumuka kwa dakika chache tu ukawa bonge kubwa, nalo likishapoa na kukomaa hukatwa: futi 3 kwa 6, 4 kwa 6, 5 kwa 6, kwa unene wa inchi unazotaka.

Kata kipande cha sponji kwa wembe, kisogeze dirishani ukitazame kwa karibu. Utaona vijumba vidogo visivyo na kuta, vimebaki nguzo tu, kila nguzo nyembamba kuliko uzi. Zaidi ya asilimia 95 ya ujazo wa godoro ni hewa. Ukilala, nguzo hupinda na hewa hutoka. Ukiamka, nguzo hunyooka na hewa hurudi. Ule ulaini unaoulipia dukani ni kazi ya nguzo hizo, na kila zinapopinda huchoka kidogo. Mtu anayelala saa 8 kila usiku hulikalia godoro karibu saa 3,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya uzito wake hutua mahali palepale, penye nyonga na mabega. Nguzo za hapo huanza kukatika na kulegea huku za ukingoni zikiwa hazijui kazi. Ndipo bonde linapozaliwa.

Wataalamu wa viwango huufupisha mchakato huu maabarani. Katika kipimo cha kimataifa kiitwacho ISO 3385, kipande cha sponji hugandamizwa na bamba kwa nguvu ya nyutoni 750, sawa na uzito wa mtu wa kilo 76 hivi, mara 80,000, kwa mwendo wa mara 70 kwa dakika. Baadaye hupimwa mambo mawili: kimepungua unene kiasi gani, na kimelegea kiasi gani. Hayo hayaendi pamoja siku zote. Sponji yaweza kubaki na inchi zake zote huku nguvu ya kukubeba imekwisha, nawe ukalala juu ya godoro nene ambalo mgongo wako unalipita hadi kuzigusa chaga.

Joto na unyevu huharakisha uchovu huo. Unyevu hujipenyeza kati ya molekuli za sponji na kulegeza vifungo vinavyozishikanisha, na joto la mwili huongezea. Mlalaji wa pwani, kwenye hewa nzito ya kaskazi na jasho la usiku, analitumikisha godoro lake kuliko wa Dodoma kwenye hewa kavu.

Sasa, miaka mingapi? Washauri wengi wa usingizi hutaja miaka 7 hadi 10, na si ushauri mbaya kwa godoro la sponji nzuri. Lakini namba hiyo haijui ulinunua nini. Kinachoamua zaidi ni wingi wa plastiki iliyomo katika ile hewa, yaani uzito wa sponji kwa kila mita ya ujazo. Nguzo nene hupinda mara nyingi zaidi kabla ya kukatika. Hapa ndipo wanunuzi tunapopunjwa, maana tunauliza inchi na kuchagua maua ya kitambaa, na mizani hatuitaji.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Zidisha urefu kwa upana kwa futi, zidisha kwa inchi za unene, gawanya kwa 12: unapata futi za ujazo. Kisha chukua uzito wa godoro kwa kilo, zidisha kwa 35, gawanya kwa zile futi za ujazo. Godoro la 5 kwa 6 lenye inchi 8 lina futi za ujazo 20. Likiwa na kilo 14, sponji yake ni ya kilo 24.5 kwa mita ya ujazo. Likiwa na kilo 9, ni chini ya kilo 16. Ukiyatazama yakiwa yamesimama dukani ni mapacha. Chini ya watu wazima wawili wanaolala kila usiku, la pili litatangulia kubonyea, na kwa mbali. Godoro liweke kwenye mizani kabla ya kutoa pesa. Muuzaji mkweli hatakukatalia. Kumbuka tu kwamba baadhi ya watengenezaji duniani huongeza unga wa chokaa ili sponji ipate uzito. Ukiifikicha kwa vidole ikaacha unga mweupe, uzito huo haukubebi. Alama ya shirika la viwango, TBS au KEBS, nayo itafute kabla ya kulipa.

Nilipomweleza shangazi haya, alinikumbusha magodoro ya sufi ya utotoni mwake. Yale yalipobonyea, fundi aliyafumua, akaichambua sufi kwa mikono, akaianika, akaongeza nyingine na kushona upya. Uzi wa sufi ni kamrija kenye hewa ndani, kamepakwa nta ya asili. Ukilaliwa hubanwa, ukichambuliwa na kuanikwa huumuka tena. Basi nikalielewa swali lake. Katika dunia ya sufi, kitambaa kikiwa kizima godoro lina maisha. Nguzo ya poliurethani iliyokatika haina fundi wa kuiunga.

Wapo waliochoshwa na bonde wakakimbilia godoro gumu kama ubao, wakiamini ndiyo dawa ya mgongo. Mwaka 2003, jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa Kovacs na wenzake uliofanyika Hispania kwa watu 313 wenye maumivu sugu ya kiuno. Nusu walipewa magodoro magumu, nusu yenye ugumu wa wastani. Baada ya siku 90, wa ugumu wa wastani walikuwa na nafuu kubwa zaidi. Nyonga na bega vinahitaji kuzama kidogo ili uti wa mgongo unyooke. Kwenye ubao havizami, kwenye bonde vinazama kupita kiasi. Utafiti mwingine, wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2009, uliwachukua watu 59 waliokuwa wakilalia vitanda vyenye wastani wa miaka 9.5, ukawapa vipya. Ndani ya wiki nne, maumivu ya mgongo yalipungua na usingizi ukawa bora. Wengi wetu tunapoamka na kiuno kinachouma tunaulaumu umri. Ukiona maumivu ya asubuhi yanaisha kadiri unavyotembea, na ukilala kwa ndugu unaamka mzima, lichunguze godoro kwanza.

Kuna na wakazi wasiolipa kodi. Utitiri wa vumbi, wadudu wa theluthi moja ya milimita, huishi kwa kula chembe za ngozi tunazopukutisha. Hawaumi. Kinyesi chao ndicho huamsha chafya na pumu. Uhusiano huo ulithibitishwa mjini Leiden, Uholanzi, na daktari Reinhold Voorhorst na wenzake katika miaka ya 1960. Wadudu hawa hawanywi maji, huyafyonza kutoka hewani, kwa hiyo chumba chenye unyevu ni shamba lao. Usiamini maneno kwamba godoro huongezeka uzito maradufu kwa sababu yao, hayana ukweli. Fua shuka na foronya kwa maji ya moto ya nyuzi 60, na mwenye pumu avike godoro gamba lenye kitambaa kilichofumwa kwa kubana sana. Kunguni ni kesi nyingine: hujificha hata kwenye maungio ya kitanda, hivyo kununua godoro jipya bila kutibu kitanda ni kuwahamishia makazi.

Maisha ya godoro yanaweza kurefushwa, na mengi hayagharimu kitu. Toa nailoni ya dukani. Najua tunaiacha ili lisichafuke, lakini jasho linalozuiwa humo hurudi kwenye sponji na kuleta ukungu. Kwa mtoto anayekojoa, tumia gamba lisilopitisha maji linalovuliwa na kukaushwa kila siku. Kila miezi mitatu geuza, kichwani kuwe miguuni, na kama godoro lina pande mbili zinazolalika, lipindue. Hakikisha nafasi kati ya chaga na chaga haizidi inchi 3, na epuka kutandika ubao mzima usio na tundu, maana godoro hupumua kwa chini pia. Lianike, ila likiwa na kitambaa chake: jua hukausha unyevu, lakini mionzi yake ikiipiga sponji iliyo wazi huivunjavunja. Rangi ya manjano peke yake isikutishe. Sponji hugeuka manjano mapema ikikutana na mwanga na hewa. Hofu ianze inapopukutika ukiisugua.

Kwa ufupi, badilisha bonde likifika sentimita 4 godoro likiwa tupu, unapozihisi chaga kwa mbavu, unapoteremka katikati bila kutaka, au ukungu unapoingia ndani. Kwa mtoto mchanga usingoje hata hapo: alale kwenye godoro gumu na bapa, kwa kuwa bonde laini linaweza kumziba pumzi.

Kubadilisha malazi ni desturi ya kale hapahapa Afrika. Katika pango la Sibudu, Afrika Kusini, wanaakiolojia wakiongozwa na Lyn Wadley walikuta malazi ya matete na nyasi ya miaka 77,000 iliyopita, yaliyofunikwa kwa majani ya mti unaofukuza wadudu. Kuanzia miaka 73,000 hivi iliyopita, wakazi wake walianza kuyachoma malazi ya zamani mara kwa mara, pengine kuua wadudu, kisha wakatandika mapya.

Sisi moto wao hatuwezi kuuiga. Sponji ikiungua hutoa moshi wenye sumu, ikiwamo sianidi, hivyo usilichome godoro uani wala kwenye jalala. Shangazi alichukua njia nyingine. Wiki mbili baada ya kununua jipya, lililopimwa kwa mizani mbele yake, alinipigia simu. Alikuwa amelipasua la zamani kwa kisu cha jikoni: katikati sponji ilikuwa imelala kama chapati, kingoni ilikuwa bado inaruka mkono ukiachia. Zile kingo alizikata zikawa mito minne ya viti vya baraza, akaivika kile kitambaa cha maua.