Maumivu yasiyoonekana kwenye vipimo: Jinsi picha ya jicho inavyofichua neva zilizoharibika

Watu wengi wanaoishi na kisukari au magonjwa sugu yanayochochewa na kinga ya mwili hulalamikia jambo moja: nyayo zinawaka moto usiku, vidole vinakufa ganzi, na hata shuka likigusa ngozi linauma. Wakifika hospitalini hupimwa, na mara nyingi majibu hurudi yakionyesha kwamba neva ziko salama. Baadhi yao huambiwa ni mawazo tu.

Kwa zaidi ya miaka 20 sasa, watafiti wamekuwa wakitafuta ushahidi wa maumivu hayo mahali ambapo wengi hawangepatarajia: kwenye jicho. Wanapiga picha neva zilizomo ndani yake, bila kutoa damu wala kukata ngozi. Je, picha hizo zinaonyesha nini, na zinaweza kuaminiwa kiasi gani?

Kwa nini vipimo vya kawaida havioni tatizo?

Neva za mwili hazilingani kwa unene. Zipo nene, ambazo huendesha misuli na kutufanya tuhisi mguso na mtikisiko. Zipo pia nyembamba sana, ambazo hupeleka taarifa za maumivu, joto na baridi, na kusimamia kazi tusizoziamuru wenyewe, kama kutoka jasho, mapigo ya moyo na usagaji wa chakula.

Kipimo cha umeme wa neva, ambacho ndicho hutumika zaidi, husoma neva nene. Nyundo ya daktari inayogongwa gotini nayo hupima njia hizo hizo. Kwa hiyo mtu ambaye ni neva zake nyembamba tu zilizoharibika anaweza kufaulu vipimo vyote na bado akashindwa kulala kwa maumivu.

Njia iliyozoeleka ya kuzithibitisha neva nyembamba ni kukata kipande kidogo cha ngozi, chenye upana wa milimita 3, kutoka sehemu ya chini ya mguu na kuhesabu nyuzi za neva zilizobaki kwa kutumia hadubini. Kipimo hicho kinaaminika, lakini kinaacha kidonda. Kwa mwenye kisukari, kidonda cha mguu si jambo dogo. Tena si rahisi kukirudia kila baada ya miezi michache ili kujua kama dawa inafanya kazi.

Kwa nini jicho?

Sehemu ya mbele kabisa ya jicho, ile inayong'aa na kupitisha mwanga, huitwa konea. Unene wake ni takribani nusu milimita. Haina mishipa ya damu, na ndiyo maana ni angavu. Lakini ina neva nyingi kuliko karibu sehemu nyingine yoyote ya mwili, na ndiyo sababu chembe moja tu ya vumbi inatosha kumfanya mtu mzima atokwe na machozi.

Neva hizo za konea ni za aina ile ile nyembamba inayopeleka maumivu. Kwa kuwa konea ni angavu, neva hizo zinaweza kutazamwa moja kwa moja, zikiwa hai, jambo lisilowezekana kwenye mguu au mkono.

Chombo kinachotumika huitwa hadubini ya konfokali. Wazo lake ni la miaka ya 1950, pale mwanasayansi wa Marekani, Marvin Minsky, alipoomba hataza yake mwaka 1957. Hadubini hii huzuia mwanga unaotoka kwenye matabaka ya juu na ya chini, ikabakiza tabaka moja tu jembamba analotaka kuliona mtaalamu.

Mgonjwa hutiwa matone ya ganzi jichoni, kisha huweka kidevu na paji la uso kwenye kifaa na kutazama mbele. Ncha ya hadubini, iliyopakwa jeli, hugusa konea kwa muda mfupi. Kazi nzima huchukua dakika chache. Kila picha huonyesha eneo dogo lenye upana wa chini ya nusu milimita. Katika jicho la mtu mwenye afya, neva huonekana kama nyuzi nyeupe ndefu zilizopangika, zenye matawi. Kwa aliyeathirika, nyuzi hizo ni chache, fupi na zimekatikakatika.

Wataalamu huhesabu mambo matatu: idadi ya nyuzi kuu, idadi ya matawi, na urefu wa nyuzi zote kwa pamoja. Siku hizi zipo programu za kompyuta zinazohesabu badala ya jicho la mwanadamu.

Kutoka kisukari hadi magonjwa ya kinga ya mwili

Hatua kubwa ilianzia Manchester, Uingereza. Mwaka 2003, timu ya Profesa Rayaz Malik, ambaye baadaye alihamia Doha, Qatar, ilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watu wenye kisukari walikuwa na neva chache za konea, na kwamba upungufu huo uliongezeka kadiri neva za mwili zilivyozidi kuharibika.

Baada ya hapo njia hiyo ilijaribiwa kwa magonjwa sugu ya uvimbe. Uvimbe unaozungumziwa hapa si wa saratani. Ni hali ambapo kinga ya mwili hubaki vitani hata pasipo na adui, na tishu za mwili zikaumia katika vita hivyo.

Mfano mmoja ni sakoidosisi, ugonjwa ambao seli za kinga hujikusanya na kufanya vinundu, hasa kwenye mapafu na tezi. Mgonjwa anaweza kutibiwa mapafu yakatulia, lakini akabaki na maumivu ya miguu, uchovu na jasho lisilo la kawaida. Watafiti wa Leiden, Uholanzi, waliwapa baadhi ya wagonjwa hao sindano za kila siku za dawa ya majaribio, ARA 290, kwa siku 28. Neva za konea ziliongezeka. Jaribio lilihusu watu wachache, lakini lilionyesha kwamba neva nyembamba zinaweza kuota tena, na kwamba jicho linaweza kuwa mahali pa kuzihesabia.

Dalili kama hiyo ilipatikana pia kwa wagonjwa wa kisukari waliopandikizwa kongosho na figo. Miezi 6 baadaye, neva za konea zilikuwa zimeanza kurejea, wakati vipimo vingine vya neva vilikuwa bado havijaonyesha mabadiliko.

Kuna faida nyingine kwa magonjwa ya uvimbe. Hadubini hiyo huonyesha pia seli za kinga zenye umbo la matawi zinazokaa kando ya neva. Zikiongezeka, huenda ni ishara kwamba mapambano bado yanaendelea. Nchini Ujerumani, watafiti wameziangalia seli hizo kwa wagonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia ganda la neva za mikono na miguu.

Usichanganye na picha ya retina

Kliniki nyingi za macho zina mashine ya OCT, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1991. Hiyo hupiga picha retina, iliyo nyuma ya jicho, na kupima unene wa nyuzi zinazokwenda kwenye ubongo. Inasaidia sana kufuatilia maltipo sklerosisi, ugonjwa ambao kinga hushambulia ubongo, uti wa mgongo na neva ya jicho. Lakini haionyeshi neva nyembamba za maumivu. Aliyepimwa OCT na kuambiwa yuko salama hajapimwa neva za konea.

Mipaka yake

Picha ya konea husema kwamba neva zimepungua. Haisemi kwa nini. Kisukari, sakoidosisi, virusi vya UKIMWI na baadhi ya dawa za saratani zote zinaweza kuacha alama inayofanana. Umri, macho makavu, lenzi za kuvaa jichoni na upasuaji wa macho uliopita pia hupunguza neva hizo. Mpiga picha naye anaweza kukosea kwa kuchagua sehemu isiyofaa.

Kwa sababu hizo, kipimo hiki hakichukui nafasi ya historia ya mgonjwa na uchunguzi wa daktari. Tena mashine zake ni ghali na nyingi ziko kwenye vituo vya utafiti.

Hata hivyo, uhusiano wa konea na neva si jambo geni Afrika Mashariki. Ukoma, ambao bado upo Tanzania, Komoro na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hushambulia neva, zikiwemo za konea. Mgonjwa hupoteza hisia jichoni, hasikii vumbi likiingia, na vidonda vinavyofuata vinaweza kumpofusha. Madaktari wamekuwa wakipima hisia hiyo kwa kugusa konea kwa ncha ya pamba, bila mashine yoyote.

Kwa msikilizaji mwenye miguu inayowaka au kufa ganzi, hatua ya kwanza haihitaji hadubini: apimwe sukari, akaguliwe miguu, amtajie daktari dawa zote anazotumia, na aeleze maumivu yanaanza saa ngapi na yanafananaje. Na majibu ya kipimo cha umeme wa neva yakirudi salama, ana haki ya kuuliza swali moja: je, neva zangu nyembamba nazo zimepimwa?