Maji ya Tangi la Samaki Yabadilishwe Kila Baada ya Muda Gani?

Makala haya tunayaelekeza kwa wale wenu mnaofuga samaki wa mapambo nyumbani, na kwa wale mnaotamani kufuga. Wengi hununua samaki, wakawatia katika tangi la kioo, na maji yakianza kufifia huyamwaga yote, wakasugua kioo na mawe kwa sabuni, kisha wakajaza maji mapya ya bomba. Haupiti muda samaki wanaanza kufa, na watu husema samaki hawa ni dhaifu. La! Kilichowaua ni usafi uliofanywa bila ya elimu. Hebu tutazame sababu yake, kisha tutaje kipimo kinachofaa.

MAJI HUCHAFUKA VIPI?

Samaki hula, hupumua na huenda haja ndani ya maji hayo hayo. Kinyesi chake, chakula kilichobaki, na taka zinazotoka kupitia matamvua yake, vyote hutoa amonia. Amonia ni sumu, nayo haina rangi. Kwa hiyo maji huweza kuonekana meupe, kumbe yana sumu.

Katika maji hayo hujitokeza bakteria wenye manufaa. Kundi la kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu kwa sababu huizuia damu ya samaki kubeba oksijeni. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo ikiwa haikuzidi. Bakteria hawa huishi zaidi kwenye sifongo la chujio, kwenye changarawe na kwenye kioo. Ndani ya maji yenyewe ni wachache. Katika tangi jipya huchukua kiasi cha wiki 4 hadi 6 kutosha.

Sasa sababu imedhihiri. Anayesugua kila kitu kwa sabuni na kumwagia maji yenye klorini huwaua bakteria hao, na amonia hurudi kujaa. Juu ya hayo, samaki hushtuka kwa kubadilikiwa na joto na hali ya maji kwa ghafla.

KIPIMO

Kwa tangi la kawaida, badilisha robo ya maji kila wiki. Tuchukue tangi la urefu wa sentimita 60, upana 30 na kina 30. Zidisha: 60 × 30 × 30 ni 54,000, yaani lita 54. Robo yake ni lita 13 na nusu, haifiki ndoo kubwa ya lita 20.

Mtu atauliza: mbona tusibadilishe kidogo tu, sehemu moja ya kumi? Jibu limo katika hesabu. Tuseme nitrati huongezeka miligramu 10 kwa kila lita kwa wiki. Ukibadilisha robo kila wiki, nitrati itapanda mpaka 40 kabla ya kubadilisha, na haitapita hapo. Ukibadilisha sehemu ya kumi, itaendelea kupanda mpaka ikaribie 100. Ukibadilisha nusu, itaishia 20. Wafugaji wengi hupenda isizidi 40.

Kipimo hiki hubadilika kwa hali. Tangi lenye samaki wengi, au lenye samaki wa dhahabu ambao huchafua sana, huhitaji zaidi ya robo. Tangi lenye samaki wachache na mimea mingi laweza kungoja wiki 2. Tangi jipya huhitaji kubadilishwa kidogo kidogo mara kwa mara mpaka bakteria watimie. Na wanaofuga samaki wa Ziwa Tanganyika wajue kuwa ziwa hilo ni kubwa na maji yake hubadilika polepole mno. Samaki wake hawastahimili mabadiliko ya ghafla.

Aidha, kuongeza maji yaliyopungua kwa joto si kubadilisha. Maji hupaa, lakini nitrati na chumvi hubaki.

NAMNA YA KUBADILISHA

1. Teka maji ya bomba siku moja kabla, yaache katika ndoo wazi ili klorini itoke. Ziko aina za dawa za maji zisizotoka kwa kuachwa; kwa hizo tumia matone yanayouzwa kwa wauza samaki. Maji ya kisima cha pwani yaonje kwanza, kwani vingine vina chumvi.
2. Zima na uchomoe vyombo vyote vya umeme kabla ya kutia mkono majini.
3. Nyonya maji na uchafu wa chini kwa mpira, lakini usiuvute kwa mdomo. Ujaze maji kwanza.
4. Suuza sifongo katika yale maji uliyoyatoa, si chini ya bomba. Usitumie sabuni kabisa.
5. Mimina maji mapya polepole, yakiwa na joto sawa na la tangini.
6. Osha mikono. Mwenye kidonda mkononi asiutie majini.

Maji uliyoyatoa usiyamwage bure. Nitrati ni mbolea, basi mwagilia maua au mchicha. Na samaki usiyemtaka mpe mfugaji mwingine. Usimtupe mtoni, asije akawadhuru samaki wa huko.

Umeme ukikatika kwa saa nyingi, bakteria wa kwenye chujio hukosa oksijeni. Punguza chakula siku hiyo.

Ndugu zetu, paka akiwa na njaa hulia, na kuku hukimbilia mlangoni. Samaki hana sauti, wala hawezi kuyahama maji mabaya. Aliyemtia ndani ya kioo ndiye aliyebeba amana yake. Chagueni siku moja ya wiki, muiandike ukutani, na muishike.