Uzi Juu ya Chungwa

Wazazi wengi wa Nyeri wamesimama katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta wakimuaga mtoto anayekwenda Marekani, wakarudi nyumbani na swali moja: huko aendako ni mbali kiasi gani? Ramani ya ukutani haiwajibu sawasawa.

Nunua chungwa sokoni Karatina. Lichome pini mbili juu ya kiuno chake, zote kimo kimoja lakini zikiachana sana, kisha kaza uzi kutoka pini hadi pini. Uzi hautalizunguka chungwa kwa kimo kile kile. Utapanda kuelekea kikonyo. Hapo ndipo njia ilipo fupi, na wanahisabati huiita duara kuu.

Pedro Nunes wa Ureno aliliandika jambo hili mwaka 1537: nahodha anayeshika upande mmoja wa dira safari nzima hapiti njia fupi. Mwaka 1569 Gerard Mercator akachora ramani ambayo njia hiyo ya dira huonekana imenyooka. Iliwafaa sana mabaharia. Sisi tuliozikuta ramani za namna hiyo darasani tukaiamini rula.

Ipige rula kutoka Nairobi hadi San Francisco kwenye ramani hiyo: utapata safari ya kilomita 17,000 hivi. Njia ya uzi ni takriban 15,500, nayo hupita juu ya Greenland, kwenye barafu! Tofauti yake inazidi safari ya barabara kutoka Nanyuki hadi Mombasa na kurudi. Ndege ya moja kwa moja ya Kenya Airways kwenda New York, iliyoanza Oktoba 28, 2018, ina njia fupi ya takriban kilomita 11,800 inayokatiza Chadi, Algeria na Morocco. Rubani huisogeza kidogo kwa ajili ya upepo au anga iliyofungwa, lakini hesabu yake huanzia hapo.

Nanyuki, hata hivyo, rula haikosei. Wageni husimama penye kibao cha Ikweta kuonyeshwa maji yakizunguka kwenye karai, ingawa mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kugeuza maji ya chombo kidogo hivyo. Kibao kile kinastahili somo bora. Ikweta yenyewe ni duara kuu, kwa hiyo ukiifuata kwenda mashariki mpaka Pontianak, Indonesia, ramani na uzi hukubaliana. Kwa longitudo, Nanyuki iko karibu na nyuzi 37, Pontianak 109. Tofauti ni 72, na kila nyuzi hapo ni kilomita 111. Zidisha: karibu kilomita 8,000.

Mtoto wa darasa la sita anaiweza hesabu hiyo. Walimu wa Nyeri, Nanyuki na Meru, litoeni tufe kabatini. Shule isiyo nalo, chungwa na uzi vinatosha.