Polisi mkali, staa msumbufu: Kwa nini 'Main Khiladi Tu Anari' inanoga

Filamu za polisi wawili zina kanuni moja: wanaopangwa pamoja lazima kwanza wasielewane. 'Main Khiladi Tu Anari', filamu ya Kihindi ya 1994 iliyoongozwa na Sameer Malkan, inaonyesha kwa nini.

Inspekta Karan (Akshay Kumar) ana uchungu moyoni. Kaka yake, naye polisi, ameuawa, na Karan anamsaka jambazi Goli (Shakti Kapoor). Katikati ya msako huo anabebeshwa mzigo: Deepak (Saif Ali Khan), staa wa sinema anayetaka kuujua upolisi ili aigize vizuri.

Jina la filamu ni kama kusema "Mimi fundi, wewe mbumbumbu", na ndivyo Karan anavyomchukulia. Vichekesho vinatoka hapo hapo: kwa Deepak risasi ni sinema, kwa Karan ni kifo. Mapenzi nayo yanaongeza moto, maana Deepak anampenda dada yake Karan!

Kumbe uigizaji una kazi yake. Shahidi Mona anauawa, kesi inakwama, hadi Karan anapomwona Basanti, aliyefanana naye kama pacha. Wote wawili wanachezwa na Shilpa Shetty. Mpango ni Basanti ajifanye Mona ili Goli anaswe.

Yaani fundi wa ngumi, aliyemdharau mwigizaji, sasa haki ya kaka yake inategemea kuigiza.