KWA NINI CHUMA CHA INJINI HUIVA KIKAWA CHEKUNDU?



Barabara itokayo Mbamba Bay kuja Mbinga ni ya kupanda. Ziwa Nyasa liko karibu meta 475 juu ya usawa wa bahari, na mji wetu uko karibu meta 1,300. Lori lenye mzigo hupanda hapo kwa gia ndogo, likinguruma. Likisimama usiku na utingo akafunua injini, mara nyingine huonekana chuma ubavuni mwake kimeiva kama kaa la moto. Watoto hupiga kelele kwamba gari linaungua. Haliungui.

Chuma hicho mafundi hukiita menifodi ya ekzosi. Kazi yake ni kupokea moshi wa kila silinda na kuukusanya katika bomba moja. Mafuta yanapowaka ndani ya silinda, joto hupita nyuzi 2,000 za Sentigredi. Hewa hiyo ya moto husukuma pistoni, na katika kusukuma hupoa, lakini joto lake haliishi. Kwa makadirio, theluthi moja ya nguvu ya mafuta ndiyo inayofanya kazi, theluthi nyingine huchukuliwa na maji ya rejeta, na iliyobaki hutoka na moshi. Moshi wa injini ya dizeli iliyoelemewa huweza kufika nyuzi 600 au 700, na wa petroli hupita 800.

Sasa mwanafunzi makini atauliza: mbona silinda, ambamo ndimo moto unamowaka, haiwi nyekundu? Kwa sababu moto wa silinda ni wa kitambo kidogo tu, kisha huvutwa hewa baridi, na kuta zake zimezungukwa na maji. Menifodi ya lori haina maji wala haipitiwi na hewa baridi. Silinda moja ikimaliza kumwaga moshi wake, nyingine inaanza. Kinachoipoza ni upepo wa mwendo, na gari linalotambaa mlimani halina upepo wa kutosha.

Nuru yenyewe haitokani na kuungua. Chuma kikipita nyuzi 500 hivi huanza kutoa nuru nyekundu hafifu inayoonekana gizani, karibu na 800 huwa chekundu wazi, na kikizidi huelekea rangi ya chungwa. Mhunzi anajua hayo bila kipimo, hutazama rangi akajua kama chuma kiko tayari kwa nyundo. (Na chuma ndicho kilichoipa jina Surat al-Hadid, sura ya 57.) Mchana wekundu huo hauonekani kwa kuwa jua limeushinda, lakini joto ni lile lile.

Wekundu kidogo, mlimani, mzigo ukiwa mzito, si ugonjwa. Ugonjwa ni chuma kuiva gari likiwa tupu au katika tambarare. Hapo fundi aangalie kwanza kichujio cha hewa. Vumbi la kiangazi hukiziba, injini ikakosa pumzi, mafuta yakawa mengi kuliko hewa na moshi ukatoka mweusi na moto kupita kiasi. Kupanda juu nako huongeza taabu hiyo, kwani hewa ya Mbinga ni nyepesi kuliko ya ziwani. Katika gari la petroli, cheche ikichelewa, mafuta huwa bado yanawaka vali ya kutolea moshi inapofunguka, na moto huo huishia kwenye menifodi.

Hatari kubwa ni dizeli. Ikidondoka kutoka mpira uliopasuka juu ya chuma chenye joto hilo, huwaka yenyewe, haihitaji kiberiti wala cheche. Gari lisiegeshwe juu ya nyasi kavu. Wala mtu asimwagie maji menifodi ili ipoe haraka, maana chuma cha kusubu hupasuka. Dereva mwenye busara huacha injini ya tabo iungurume taratibu dakika chache kabla ya kuizima.

Kwa nyinyi mnaokuja madrasa kwa pikipiki, bomba lake nalo huunguza vibaya ingawa halijawa jekundu. Shukeni upande usio na bomba. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, asipakwe dawa ya meno wala mafuta ya kupikia, na lengelenge lisitumbuliwe. Jeraha likiwa kubwa kuliko kiganja chake, apelekwe zahanati siku hiyo hiyo.